Darasa la simu na imeili pale maktaba ya mlango wa bluu Kirumba: nimemaliza, nasema yote

Wengi mmeniuliza pale sokoni kama lile darasa la maktaba lina maana au ni kupoteza muda tu, sasa naona niandike mara moja kila mtu asome, kwasababu kumwelezea mmoja mmoja huku nahesabu magunia siwezi. Jibu fupi: nendeni. Jibu refu ndo hili hapa, na mabaya yake pia nitayasema, sitaficha.

Kwa wasionijua, mi nauza dagaa soko la Mwaloni hapa Mwanza, huu mwaka wa 13. Wateja wangu nusu siwaoni kwa macho, wako Goma, wako Bujumbura, wako Kigali, wengine Dodoma na Songea huko, mzigo unapanda gari hela inaingia kwenye simu, biashara yote iko WhatsApp. Kwaiyo nilivyosikia mara ya kwanza eti kuna darasa la kutumia simu niliona halinihusu, simu natumia toka 2009, nifundishwe nini tena. Mpaka mwaka jana nilipopigwa.

Nilipigwa hivi. Mteja wangu wa siku nyingi, mama mmoja wa Kongo tunaaminiana kabisa, akaniandikia usiku "dada nipakilie gunia 6 kwa gari ya alfajiri, hela natuma mchana, benki huku inasumbua". Picha yake ile ile, namba yake ile ile, hata namna anavyoandika ni yeye. Nikapakia. Mchana kimya, jioni kimya, siku ya tatu ananipigia kwa namba nyingine analia, kumbe WhatsApp yake ilishachukuliwa wiki nzima na wameshawapiga watu wanne kwa jina lake. Zile gunia zilishushwa njiani na mtu ambaye mpaka leo simjui. Ilikuwa hela ya ada ya mtoto, nilikopa ndo akarudi shule. Yule mama sikumlaumu na mpaka leo tunafanya biashara, ila usingizi ulinipaa mwezi mzima, kila meseji ikiingia naiogopa.

Nikaanza kutafuta pa kujifunza. Kwanza niliangukia sehemu moja mjini wanafundisha kompyuta, laki na ishirini, wiki tatu tunaandika kwenye daftari historia ya kompyuta na majina ya vifaa, hii inaitwa mausi hii inaitwa kibodi, nikiuliza WhatsApp ya mtu inachukuliwaje naambiwa hiyo haipo kwenye silabasi. Nikaacha, na hela haikurudi.

Alafu binti yangu ndo akaniambia, mama pale maktaba wanapoazima vitabu kuna karatasi mlangoni, mkutubi anafundisha mawasiliano ya simu na imeili, elfu 15 kwa vipindi 8 na elfu 5 ya kadi ya uanachama. Maktaba yenyewe ni ndogo, ukitoka barabara ya Makongoro unaingia ndani kidogo, nyumba ya kawaida tu, mlango wa bluu, nje kuna mwembe na benchi. Nilikuwa napita hapo kila siku nikidhani ni ya watoto wa shule.

Mwalimu ni mkutubi mwenyewe, mama wa makamo, sisi tunamwita Madam. Siku ya kwanza alikuwa na muhuri wa tarehe mkononi, ule wa kugonga kwenye vitabu, na karibu vipindi vyote anafundisha ameushika, mtoto akija kuazima anagonga tap, anarudi kwetu. Hakuanza na sehemu za kompyuta. Alitundika manila ukutani akauliza kila mtu, simu yako imekuletea hasara gani na faida gani. Watu 14 tulikuwepo, na aliandika moja moja kwa mkono wake. Nilivyofika kwenye gunia 6 akaacha kuandika, akaniangalia, akasema "hilo mama tunalijibu leo leo, hakuna mtu anatoka hapa bila kulijua".

Na kweli alilijibu. Nalieleza hapa kwasababu kuna watu bado wanaibiwa hivi hivi kila wiki. Mwizi hahitaji kushika simu yako. Anaweka WhatsApp kwenye simu yake anaandika namba yako, WhatsApp inatuma namba sita kwa meseji kwenye laini yako wewe, sasa anachofanya anakuandikia, mara nyingi kwa jina la mtu unayemjua ambaye naye ameshachukuliwa, "samahani nimekosea namba zangu sita zimekuja kwako nirudishie". Ukimpa umekwisha. Dawa yake iko ndani ya simu: Mipangilio, alafu Akaunti, alafu uthibitishaji wa hatua mbili, unaweka PIN ya tarakimu sita unayoijua wewe peke yako na imeili yako juu yake, hapo hata akipata zile namba sita za kwanza anakwama mlangoni. Na ukishaibiwa usikae unalia, laini si unayo wewe, ingia upya kwa namba yako, meseji ikija ingiza, yeye anatupwa nje. Kama alishaweka PIN yake utasubiri siku 7, ila yeye yuko nje tayari, na wewe siku hizo unawapigia wateja wako unawatangazia.

Tuliweka wote 14 kabla ya kutoka, alipita kiti kwa kiti. Jioni ile nilirudi Mwaloni nikawawekea wenzangu 11, wengine wamesimama mguu mmoja dagaa zimeanikwa, nikawaambia subirini dakika mbili tu.

Akatuonyesha pia kupiga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, mama mmoja akakuta laini hazijui, na zile meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii" kumbe unaifowadi kwenda 15040 ya TCRA, ile mamlaka ya mawasiliano. Mi nilikuwa nafuta tu.

Sasa niseme jambo lililonifanya nimpende yule mama kuliko yote. Ratiba. Mwanzo vipindi vilikuwa Jumanne na Alhamisi saa 3 asubuhi, na sisi wa dagaa saa 3 asubuhi ndo tuko kwenye moto, mitumbwi imerudi alfajiri, dagaa wanaanikwa, ukichelewa kugeuza umepoteza daraja la ubora. Wiki ya kwanza tulikuwa 14, ya pili tukabaki 6. Mwalimu mwingine angesema hawa mama wa sokoni hawapendi kusoma. Yeye alitufuata sokoni. Alikuja Mwaloni na viatu vyake vya ofisini anauliza kwanini hamji, na mama mmoja wa Ukerewe, mtu mzima tunamwita Bibi, akamkalisha kwenye ndoo akamweleza: mwanangu, dagaa anavuliwa usiku wa giza, taa ndo inamvuta, mwezi ukiwa mkubwa taa haina kazi, mitumbwi inalala, siku hizo ndo sisi tuna nafasi. Madam akaandika yote. Kipindi kilichofuata alikuja na kalenda ya mwezi ameprinti, akahamisha darasa lote, vipindi vinne mfululizo siku za mbalamwezi, alafu mapumziko giza likiingia, alafu vinne tena. Nimeishi Mwanza hii toka nizaliwe, sijaona ofisi nyingine inayopanga kazi yake kwa kumfuata dagaa. Tulirudi wote 14, na mmoja akaja na mdogo wake.

Yani huyu mama anafundisha huku anajifunza, na hafichi. Ana kaunta buku nyekundu juu ya meza imeandikwa SIJUI, herufi kubwa. Mtu akiuliza swali asilolijua anasema "hilo sijui, ngoja nitafute", anaandika swali, jina la aliyeuliza, na anaacha nafasi ya tarehe. Kipindi kinachofuata anaanza na kaunta buku kabla ya somo. Siku ya mwisho nilihesabu, maswali 47, yaliyojibiwa 41. La kwangu lilikuwa kwanini stetasi yangu inaonwa na watu 30 wakati wateja ninao zaidi ya 200. Akaja na jibu: stetasi anaiona mtu ambaye wewe umesevu namba yake na yeye amesevu ya kwako, mmoja akikosa haiendi. Na ile orodha ya matangazo, unayotuma meseji moja inawafikia mpaka watu 256 kila mtu kivyake, nayo inamfikia yule tu aliyesevu namba yako. Kwaiyo miaka yote mi natangaza bei mpya, nusu ya wateja hawaipati na naona wamenisusa! Wiki ile niliwapigia mmoja mmoja, "nisevu mama, andika Dagaa Mwanza", stetasi zikapanda mpaka 140 na kitu.

Kuna siku ya katalogi, hiyo naiweka peke yake. WhatsApp Business ni ya bure, ina sehemu ya kupanga bidhaa zako na picha na bei, nilikuwa nayo lakini nimeweka picha moja nimeandika "dagaa safi". Madam alivyoiona akanyamaza, akaenda kwenye lile kabati la droo ndogo ndogo, akatoa kadi moja ya zamani ya kitabu, imechakaa pembeni, akaniwekea mkononi. Akasema enzi anasoma ukutubi Bagamoyo walikuwa wanaandika kadi hizi kwa mkono, na kitabu kimoja kinaweza kuwa na kadi nne, kwasababu mtu mmoja atakitafuta kwa jina la mwandishi, mwingine kwa jina la kitabu, mwingine kwa somo, na chini unaandika "tazama pia". Mkutubi hamlazimishi msomaji ajue jina analotumia mkutubi. Alafu akaniuliza, wateja wako wanamwitaje dagaa?

Nikaanza kumtajia. Wakenya wanasema omena. Waganda mukene. Warundi ndagala. Akaandika ubaoni, na yeye akaongeza jina la kitaalamu alilolitoa kwenye kitabu cha samaki, Rastrineobola argentea, akasema hilo weka kwa wale wanaonunua kwa makaratasi. Tukakaa tunaandika upya: dagaa wa kuanikwa kwenye chanja, hawana mchanga, omena, mukene, ndagala, gunia na ndoo, bei, unalipiaje, mzigo unachukua siku ngapi. Dagaa wa mchangani tukawaweka peke yao na bei yao ya chini, wa chakula cha kuku peke yao. Picha tatu tatu. Kazi ya saa nzima. Mwezi ule nikapata mteja mpya wa Kampala ambaye aliletewa ile katalogi na mtu mwingine na alichoniandikia ni neno moja tu, "mukene?".

Na yeye Madam alisema wazi kwamba ile sehemu ya katalogi ndani ya simu alikuwa hajawahi kuifungua, mi ndo nilimwonyesha pa kubonyeza. Sa hivi maktaba nayo ina namba yake ya Business, vitabu vipya vimo, unauliza kama kipo kabla hujapanda daladala.

Niongee habari ya voisi, hapa ndo palinigusa. Grupu la darasa lilivyofunguliwa aliweka sheria, kazi za nyumbani zije kwa maandishi, voisi hapana. Sababu zake ni za kimaktaba na zina maana, voisi huwezi kuitafuta baadae, huwezi kuruka ukasoma sehemu moja, ukitaka bei tu unasikiliza dakika nne. Sawa. Lakini Bibi wa Ukerewe akawa kimya kwenye grupu, kazi haleti, watu wakaanza kusema Bibi amekata tamaa. Siku ya tatu watu wametoka, mi nilibaki natafuta mwavuli wangu, nikasikia Bibi anamwambia Madam kwa sauti ya chini, "mwanangu mi na maandishi hatujawahi kupatana, nilitoka shule darasa la pili, biashara yangu yote na wanangu wa kule Ukara naiongea kwenye simu". Madam alishika ule muhuri wake akawa anauzungusha tu hasemi kitu.

Kesho yake asubuhi kwenye grupu ikaingia voisi ya Madam, ya kwanza kabisa kutoka kwake, dakika tatu na kitu, anasoma matangazo yote ya nyuma toka la kwanza, pole pole, na mwisho anasema "Bibi shikamoo, naomba unisamehe, sheria ile niliiweka bila kuuliza, nimeiondoa". Na kipindi kilichofuata akamwomba Bibi atufundishe sisi wote namna ya kurekodi voisi inayosikilizwa mpaka mwisho. Bibi akasimama mbele na kanga yake. Alisema taja jina lako kwanza maana mtu anaweza kuwa amepoteza namba. Sema jambo lako kabla hujaanza kuuliza hali ya mji mzima, salamu moja inatosha. Bei itaje mara mbili. Na ukiwa ufukweni geuka upepo ukupige mgongoni, simu ikinge na kanga hivi (akatuonyesha), la sivyo mwenzio anasikia ziwa tu. Madam alikuwa anaandika kwa kasi, nadhani alijaza kurasa mbili. Toka siku ile kila tangazo la maktaba linaenda mara mbili, maandishi na voisi, na voisi zake sa hivi hazizidi dakika moja, zinaanza na jina lake.

Bibi kazi zake zote zilizobaki alileta kwa sauti na alimaliza darasa pamoja na sisi.

Kuna lile la uzushi. Katikati ya mafunzo iliingia voisi kwenye grupu la soko, mwanaume anaongea kwa kujiamini, ziwa letu linafungwa miezi mitatu kuanzia Jumatatu. Jamani mnakumbuka, watu walivamia dagaa siku ile ile, gunia likapanda asubuhi na mchana likapanda tena. Na iliaminika kwasababu Ziwa Tanganyika kweli lilifungwa 2024, tarehe 15 Mei mpaka 15 Agosti, kila mfanyabiashara wa samaki anajua. Mi nilikuwa nimeshika simu naita watu nikope hela ninunue. Nikakumbuka bango lililopo ukutani maktaba, la IFLA, ule muungano wa wakutubi wa dunia, lina hatua 8 za kuitambua habari ya uongo, nikaona kwanza nimtumie Madam ile voisi. Hakuniambia ni kweli wala uongo. Alinijibu "ina mishale mingapi juu?". Nikaangalia, miwili. Mishale miwili maana yake imesambazwa mara nyingi, imepita mikono mitano au zaidi mpaka kunifikia, yani anayenitumia hajui aliyesema. Akauliza, anayeongea amejitaja jina? Hapana. Tarehe ametaja? "Jumatatu", Jumatatu ya lini? Lile la Tanganyika lilikuwa na tarehe ya kuanza na ya kumaliza, lilitangazwa na wizara, na nchi zote nne zenye ziwa lile zilikubaliana. Hii inatoka wapi? Akasema kitu ambacho sitakisahau, "kitabu kisicho na mwandishi wala mwaka mimi sikiweki kwenye shelfu mpaka nijue kimetoka wapi". Nikampigia afisa uvuvi wetu, akasema hana taarifa hiyo na yeye anasumbuliwa na simu toka asubuhi. Sikununua. Jumatatu mitumbwi ikatoka kama kawaida, na wiki hiyo hiyo bei ikarudi ilipokuwa, kuna watu walilia.

Imeili nilidhani haitanihusu ila imenisaidia. Kichwa cha imeili anakifananisha na mgongo wa kitabu, kikiwa kitupu au kimeandikwa "habari" nani atakivuta. Na jina la faili, badala ya IMG na minamba yake unaandika "Bei ya dagaa Machi 2025", mtu akitafuta miezi sita baadae analiona. Ukituma orodha ya bei kwa wateja 20 weka anwani zao pale kwenye Bcc, wasionane, maana nilikuwa nampa kila mteja anwani za wateja wangu wote bila kujua. Gmail inabeba mpaka MB 25, picha kubwa punguza kwanza. Na unaweza kuiwekea sekunde 30 za kuirudisha imeili uliyokosea kutuma, hiyo nimeitumia mara mbili tayari. Hoteli moja ya Dodoma sa hivi tunaandikiana kwa PDF kila mwezi.

Mambo ya video alifundisha kijana wa chuo kule Nyegezi anayejitolea siku moja moja, na Madam alikaa na sisi kwenye viti kama mwanafunzi. Futa kioo cha kamera kwanza, simu yako imejaa magamba ya dagaa. Jua liwe mgongoni kwako wewe unayepiga, liangaze unachopiga. Madam alirudia video yake ya kitabu mara nne mpaka yule kijana akasema sasa sawa mama. Kila Ijumaa anaweka kitabu kimoja, sekunde 30, binti yangu anazisubiri. Usiku bado anaingia Zoom anasomea mfumo wa Koha wa kupanga vitabu kwenye kompyuta, uliotengenezwa New Zealand, anasema jina lake kwa Kimaori ni zawadi, Zoom ya bure inakata dakika 40 na wanaingia tena upya. Mtu wa umri ule, kazini toka asubuhi.

Sasa mabaya. Kompyuta ziko 5 na mbili vibonyezo vimetoka, mkiwa 14 mnapokezana, kama hujawahi kugusa kompyuta na unataka kuifahamu hasa hapa hapatoshi, wengi tulifanya kwa simu. Intaneti mchana inakuwa nzito wanafunzi wakijaa, tulipoteza karibu kipindi kimoja kizima tunasubiri ukurasa ufunguke. Umeme ulikatika mara mbili, hamna jenereta, ila aliendelea na simu na ubao. Karatasi anazogawa maandishi ni madogo mno kwa watu wa rika letu, nilimwambia, akasema atakuza. Na kubwa kuliko yote yuko peke yake, anafundisha na kuazimisha vitabu kwa wakati mmoja, mtoto akija na swali somo linasimama, darasa la watu 14 linahitaji msaidizi na wanaosimamia ile maktaba inabidi walione hilo, mtu mmoja hawezi kubeba yote hayo mwaka hadi mwaka. Cheti hamna, kama unatafuta karatasi ya kuombea kazi nenda kwingine. Watoto wadogo hakuna pa kuwaweka, mama mwenye mtoto mchanga alikuwa anatoka nje kwenye benchi anakosa nusu ya somo.

Kwa elfu 20 yote, nyota 4, na hiyo moja niliyobakiza ni ya kompyuta na msaidizi, kwa mwalimu sijapunguza hata robo.

Kama una wateja wa mbali nenda. Kama umewahi kutapeliwa nenda, usione aibu, siku ya kwanza mtakuta mko wengi. Kama hujui kusoma vizuri nenda pia, mwambie tu mapema. Beba simu imejaa chaji, bando hata la MB 500 lako mwenyewe, na daftari. Daladala za kwenda Airport zinakushusha karibu, toka hapo dakika tano kwa mguu, ulizia maktaba ya mlango wa bluu.

Kundi linalofuata linaanza mbalamwezi ijayo, mara ya mwisho kuuliza nafasi zilikuwa zimebaki 5. Moja nimemlipia shemeji yangu wa Nansio, anavuka na meli, atalala kwangu siku zote nne.